Saini ya Mwalimu wa Somo

Ihanja,
8 Julai 1996

Dada Ziada,

Shikamoo.

Bado nakisikia kile kijiko. Dk. Damiani alikigonga mara moja tu kwenye ukingo wa kikombe kitupu, ting, bila kunitazama, nami nikainuka. Hakuna aliyesema, "Eliana, chai." Nilikuwa nimetoka kuomba mbele ya idara nzima, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, jina langu lipelekwe kwa wafadhili kwa ile nafasi ya masomo ya shahada ya udaktari wa famasia. Kijiko kikalia. Nikaenda chumba cha pili kuchukua birika, na niliporudi na sinia nafasi ilikuwa ya Bonaventura, na kikao kilishahamia kwenye mabomba ya choo cha wanafunzi.

Bonaventura! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mchi.

Siku ile sikukuuliza kitu, kwa sababu tulikuwa tunaosha vikombe na yeye alikuwa pale mlangoni anapokea pongezi. Nakuuliza sasa. Wewe ulibaki ndani. Nilipotoka, nini kilisemwa, na nani alisema? Nina haki ya kujua, hata kama ni sentensi moja.

Tulifika salama. Treni ilitushusha Singida, gari la hospitali likatufuata. Wanafunzi ni sita, msichana ni Belinda peke yake. Hospitali hii ya misheni bado inatengeneza yenyewe maji ya dripu: wanachemsha, wananasa mvuke, wanatia chumvi kwa kipimo, wanafunga chupa na kuzichemsha tena. Wanafunzi wetu hawajawahi kuuona mtambo wa namna hii, na miaka michache ijayo hawatauona tena, maana dripu za viwandani zinaingia nchini kila siku. Nimewapangia zamu. Nyumba tuliyopewa haina mpishi, kwa hiyo Belinda atashika jiko, wavulana kuni na maji. Amekubali bila neno.

Jumapili nilikwenda nyumbani Issuna. Ni wakati wa alizeti. Siku hizi wanunuzi binafsi wanaleta malori mpaka mashambani, kila mmoja na mizani yake, na watu wanachagua pa kuuza kama wanachagua mchumba. Mama alilima, akapura, akapepeta, akashona magunia. Lilipoitwa jina likaitwa "Zefania Mughwai," baba akatoka kivulini akaenda kutia saini. Bei ni nzuri kuliko ya ushirika. Wazee wanakusalimu sana, wanasema mtoto wa mjini Singida usiwasahau watu wa shamba.

Nimekuja na mizigo miwili isiyohusu wanafunzi hawa. Wa kwanza ni fomu za alama za mwaka wa pili, za mazoezi ya utengenezaji wa dawa: zangu za Jumatatu na Jumanne, zako za Alhamisi. Nizijumlishe kama kila mwaka, nizirudishe zimejazwa kwa penseli, Dk. atie saini yake penye "Mwalimu wa Somo."

Wa pili ni madodoso. Wafadhili wanataka kujua walimu wa famasia wanauonaje usawa wa wanawake na wanaume kitivoni, na Dk. amenipa mimi niandike ripoti. "Ni mambo yenu haya," alisema, akanikabidhi bahasha kama mtu anayerudisha sufuria la kuazima. Nimeanza kusoma majibu. Sikiliza:

"Usawa upo. Hatujawahi kumzuia mtu."

"Wanawake wana mikono mizuri kwa marhamu za kupaka na dawa za sharubati, wanaume kwa hesabu za dozi. Huo ndio usawa, kila mtu na kipaji chake."

"Tatizo ni wao wenyewe. Hawajitokezi."

Na mmoja, ambaye ningependa kumpa mkono: "Kabla ya dodoso hili hapakuwa na tatizo."

Nilijitokeza, Dada. Niambie kilichotokea.

Mdogo wako,
Eliana


Dar es Salaam,
19 Julai 1996

Mdogo wangu Eliana,

Marahaba. Barua yako niliisoma jikoni, Saada wangu akaniuliza, "Mama, nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, ni mama yako mdogo Eliana anafikiri.

Unafikiri mno. Ndiyo sifa yako na ndiyo maradhi yako.

Kikao hakikusema la ajabu. Wanaume wakikaa wanaongea harakaharaka, mmoja anataja jina, wengine wanaitikia, mwenyekiti anaandika. Mmoja alisema Bonaventura ana sifa, wakaitikia. Mimi nilikuwa natafuta miwani yangu, nilipoinua kichwa tayari wewe umeingia na sinia. Usijisumbue na nani kasema nini. Nafasi ni kama basi la Singida, la leo likikuacha unalala stendi unapanda la kesho.

Habari za huku: Dk. Damiani amefungua duka la pili la dawa, Magomeni. La kwanza lilikuwa kwa ajili ya watoto wasome, la pili sijui ni kwa ajili ya nani. Tangu biashara ziachiwe kila mwalimu ana duka au ana jina lake ukutani kwenye duka la mtu. Ikifika saa nane idarani tunabaki mimi, vinu vya kaure na mlinzi. Somo lake la Ijumaa nalo kaniachia. "Bi. Ziada, wewe unalimudu kuliko mimi," anasema, na ananisifu kweli, hanidhihaki, mtu ana funguo za gari mkononi. Sasa utakasirika kwa niaba yangu. Usikasirike. Nipo idara hii tangu enzi za kupanga foleni ya sukari na sijawahi kutukanwa, sijawahi kufokewa, sijawahi kunyimwa ruhusa mtoto akiumwa. Wenzetu wa vitivo vingine wanalia.

Kwenye hiyo ripoti, andika kwa ulaini. Wafadhili wakisikia maneno makali watafunga mkoba, maabara itakosa hata spiriti, na lawama itakuwa yako. Waandikie kwamba hali ni nzuri na jitihada zinaendelea. Maneno hayo hayajawahi kumfukuzisha mtu kazi. Na mkataba wako unaisha Desemba, usijisahau.

Ukienda mjini pita dukani kwa baba, barabara ya soko. Mwambie ni wangu, atakufungia kanga. Atakuuliza maswali ya kuolewa, mjibu inshallah, atanyamaza.

Dada yako,
Ziada Abdulmajidi


Ihanja,
29 Julai 1996

Kwa Mkuu wa Idara,
Dk. Damiani,

Shikamoo Mzee.

Mafunzo ya wanafunzi kwa vitendo yanaendelea vizuri. Wote sita wana afya. Taarifa ya wiki nimeiambatanisha.

Naomba kuuliza jambo moja kuhusu nafasi ya masomo iliyojadiliwa kwenye kikao cha Juni. Niliomba kufikiriwa. Sikuelezwa kwa nini sikufaa. Nimefundisha mazoezi ya mwaka wa pili tangu nilipoajiriwa, na Bw. Bonaventura aliajiriwa baada yangu. Sina ugomvi naye. Ningependa kujua sifa iliyonipungukia ili niitafute.

Ni mimi mtiifu,
Eliana Z. Mughwai
Mhadhiri Msaidizi


Dar es Salaam,
9 Agosti 1996

Binti yangu Eliana,

Marahaba, marahaba sana. Taarifa yako nimeipata, safi kama kawaida yako. Nikiona mwandiko wako huwa nawaambia vijana: tazameni, hivi ndivyo daftari la maabara linavyotakiwa.

Umeniuliza kama mtu mzima, nami nakujibu kama mzazi. Hakuna aliyekukataa. Wafadhili wameweka sharti kwamba mwombaji awe amewahi kuwa mwalimu wa somo, ionekane kwenye kumbukumbu za ofisi ya mitihani. Tulitazama kumbukumbu. Jina lako halimo. Najua unasaidia sana kwenye mazoezi, lakini kusaidia si kufundisha, kwa maana ya karatasi. Bonaventura anaonekana mara moja, ile miezi niliyokuwa safarini, nilimruhusu atie saini badala yangu ili fomu zisichelewe. Bahati tu. Ungekuwa karibu siku ile ningekuruhusu wewe. Nadhani ulikuwa unasimamia mtihani wa marhamu.

Pia sisi tulikufikiria wewe kama mtu, si kama jina. Miaka minne Ulaya kwa binti wa umri wako si mchezo. Nilitaka maoni ya mwanamke mwenzako, tusije tukaambiwa wanaume wameamua peke yao, na Bi. Ziada akatueleza vizuri kwamba una mchumba, maandalizi yamekaribia, na kwamba huu si wakati wako. Tukaona busara kukuacha utulie. Utakapokwisha pata mtoto mmoja wawili, nafasi zitakuwepo.

Nina mabinti watatu, Eliana. Siwezi kuwa adui wa wanawake. Mkubwa wangu nataka asome famasia, na nimemwambia atafute kuwa kama dada Eliana.

Majina yanakwenda kwa wafadhili mwisho wa Septemba. Ripoti ya usawa wa jinsia iende nayo, kwa hiyo usichelewe. Zile fomu za alama ujaze kwa penseli, sehemu ya saini acha wazi, nitapitia nikipata nafasi. Wazee wasalimie. Nasikia alizeti mwaka huu imelipa, ukirudi usisahau debe moja la mafuta ya mzee wako!

Damiani


Ihanja,
18 Agosti 1996

Dada Ziada,

Miwani ilikuwa usoni. Niliiona nilipotoka, niliiona nilipoingia.

Dk. ameniandikia. Anasema aliyewaambia kwamba nina mchumba ni wewe. Chediel aliniacha mwezi wa kwanza. Ni wewe uliyekaa na mimi Jumamosi ile nzima, ukanipikia uji, ukaniambia, "Lia leo, kesho tuna mwaka wa pili." Ulijua. Usiniambie ulisahau, maana ulimwita majina ambayo sikujua kwamba mtu wa swala tano anayajua.

Nimesoma pia dodoso lako. Halina jina, lakini penye "jinsia" wanaume wote wameandika ME, mawili tu yana KE, na moja kati ya hayo ni langu, nami sijajaza zaidi ya hapo. Umeandika: "Sijaona ubaguzi wowote katika idara yetu." Nimelisoma mara nyingi. Wanaume nimewacheka. Lako nimeshindwa kulicheka.

Ningekuwa nimekataliwa na Dk. peke yake ningejua la kufanya na hasira yangu. Sasa sijui niielekeze wapi. Natembea mpaka barabara kuu, nayatazama malori, narudi. Wanafunzi wanafikiri naumwa.

Nieleze kwa nini. Usinipe basi la Singida.

Eliana


Dar es Salaam,
28 Agosti 1996

Eliana,

Hukunisalimia, na ninastahili.

Nimechana barua mbili. Hii nitaiacha iende ilivyo.

Niliulizwa. Hilo ndilo usilolijua. Tangu niajiriwe, kwenye vikao vyote nilivyokaa nikiandika kumbukumbu na kuhesabu vikombe, sikuwahi kuulizwa neno. Siku ile ulipotoka Dk. alinigeukia, akasema, "Bi. Ziada, wewe ndiye unayemjua, unaonaje?" Wote wakanitazama. Bonaventura akaacha kutafuna. Nikahisi moyo unanipiga kama binti anayeposwa. Walikuwa wananisubiri mimi. Na katika siku hiyo moja niliyopewa mdomo, nikasema uongo.

Ungependa nikwambie nilitaka kukulinda. Nilijiambia hivyo kwa wiki nzima. Nilijiambia nchi za baridi zinakausha watoto wa watu, nilijiambia Chediel anaweza kurudi. Ukweli ni mdogo na una aibu zaidi. Nikaiona Jumatatu, nikaiona Jumanne, nikaona Alhamisi na Ijumaa, nikaona birika. Nikajiona mimi peke yangu na vinu vile mpaka nistaafu, na wanafunzi mia wanaogonga michi kwa pamoja, na hakuna mtu wa kumtazama pembeni Dk. akisema mikono ya mwanamke ni ya jikoni. Ukiondoka wewe, nani atanikonyeza?

Mwaka themanini na tatu nami palikuwa na nafasi. Mkuu wa wakati ule alinitania tu, "Abdulmajidi atakubali binti yake aende kwa makafiri?" Watu wakacheka, nami nikacheka, likaisha. Baba hakuulizwa. Nilimsimulia miaka baadaye, dukani, anapima kitambaa. Akasema, "Kwa nini hukuniuliza? Ningekushonea koti." Sijamsimulia mtu habari hiyo.

Nilipojaza dodoso nilikusudia kusema kweli. Kalamu ikaandika ninachoandika siku zote. Na unajua, nilipokuwa naandika niliamini. Mtu akizoea kiatu kinachobana, ukimuuliza kama kinabana anakwambia hapana.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Ukirudi utaniambia usoni, nitasikiliza. Ila kuwa mwangalifu na hicho unachokifikiria. Najua unafikiria kitu, mwandiko wako umeanza kulala upande.

Ziada


Ihanja,
14 Septemba 1996

Dada Ziada,

Shikamoo. Safari hii naanza nayo, nisije nikajiona mtakatifu.

Nilikuwa nimekuandikia jibu kali. Ningelituma, kama si Belinda.

Ilikuwa mchana, tumekaa kula. Wavulana wametoka kwenye mtambo, wanajivunia, wameziba chupa arobaini na hata moja haikupasuka. Tamimu, yule mrefu wa Tanga anayejiita kiongozi wa kundi, anaeleza kama rubani. Belinda akaja na sufuria, akaliweka mezani, akabaki amesimama na mwiko.

"Madam, nina swali la kitaaluma."

"Uliza."

"Ugali wa watu saba una alama ngapi?"

Wavulana wakaangua kicheko. Tamimu akasema, "Wa kwako una A, dada, usiwe na wasiwasi."

"Wa kwako ungerudia mwaka," Belinda akamjibu, hakumtazama hata. Alikuwa ananitazama mimi. "Kwa sababu Madam, zamu ya mtambo inaanza saa ya kubandika sufuria, na inaisha saa ya kupakua. Tangu tufike sijashika chupa hata moja ya dripu. Nilikuja kusomea dawa. Jikoni nilishahitimu."



Dada, zamu zile nilizipanga mimi. Nilizipanga siku tuliyofika, kwa dakika chache, bila ubaya wowote moyoni, na siku chache baadaye nilikaa kuandika juu ya kijiko cha Dk. Damiani. Nilikuandikia wewe pia, kasome barua yangu ya kwanza: "Amekubali bila neno." Nilimtazama yule msichana nikaona jiko. Halafu nikachukulia kunyamaza kwake ni kukubali, kama walivyochukulia kwangu, kama walivyochukulia kwako mwaka themanini na tatu. Kama ningepewa dodoso siku hiyo, mimi msimamizi wa kundi hili, ningeandika kwa mkono wa kweli kabisa kwamba usawa upo.

Nilimwambia Belinda mbele yao kwamba nimekosea. Nikapanga upya. Tamimu alipika siku iliyofuata. Ugali ulikuwa mbichi katikati na umeungua chini, sijui alifanyaje, na alitutazama mmoja mmoja tukila kama mtu anayesubiri matokeo. Tulikula. Belinda kwenye mtambo alivunja chupa mbili za mwanzo, akaapa kwa Kinyiramba nisisikie, ya tatu ikakaa sawa.

Kwa hiyo hasira yangu kwako imepungua. Haijaisha. Kuna asubuhi naamka nayo. Lakini sasa naamini ulichoandika kuhusu kiatu, na naamini kwamba Dk. anawapenda kweli mabinti wake watatu. Hiyo ndiyo inayonichosha. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika.

Sasa nisikilize, maana haya si mawazo tena.

Ripoti nimeiandika. Sikulainisha na sikuchachua. Nimeweka majibu ya kila mwalimu kama alivyoyaandika, la marhamu, la kutojitokeza, na la "kabla ya dodoso hili." Lako pia nimeliweka kama lilivyo, sikulieleza. Halafu nikajaza dodoso langu. Niliandika jinsi zoezi la mwaka wa pili linavyofundishwa na mtu mmoja, likasahihishwa na huyohuyo, likajazwa kwa penseli, halafu likawa la mwingine kwa saini. Niliandika kwamba sharti la wafadhili, ambalo wao wanadhani ni la haki kwa wote, limepita juu ya penseli hiyo bila kuiona. Sikumtaja mtu. Hapakuwa na haja.

Baba aliniuliza Jumapili kwa nini nimekonda. Nikamweleza kuhusu fomu, kwa Kinyaturu, maana kwa Kiswahili ilisikika kama malalamiko ya ofisini. Akasema, "Lakini kama ni wewe uliyefundisha, kwa nini asaini yeye?" Mama alikuwa anapepeta. Akainua kichwa akamtazama baba kwa muda mrefu sana. Baba akaanza kutafuta kofia yake.

Fomu za Jumatatu na Jumanne nimezijaza kwa wino. Penye "Mwalimu wa Somo" nimeandika Eliana Zefania Mughwai, nikatia saini, kila ukurasa. Nimetengeneza nakala mjini, nikaziambatanisha na barua ya kuomba ile nafasi ya masomo, ikiwa na jina langu, iende kwa wafadhili wenyewe kabla mwezi haujaisha. Dk. nimempelekea nakala ya kila kitu na barua ya heshima, nimemshukuru kwa aliyonifundisha, maana amenifundisha mengi. Debe la mafuta ya alizeti litakuja na mimi, sitaki aseme nimemchukia. Anaweza kukataa fomu. Anaweza kuniacha Desemba iniondoe bila yeye kunyanyua kidole. Nimelifikiria hilo mpaka likaisha makali.

Za Alhamisi zimo ndani ya bahasha hii. Nimezijumlisha, hesabu zimekaa sawa, ila sikuzijaza kwa wino na sikuzisaini, kwa sababu siku za Alhamisi sikufundisha mimi. Penye mstari wa saini nimeacha wazi. Ukimpelekea Dk. zilivyo, zitakuwa kama za kila mwaka na sitakuuliza neno.

Zangu zimekwenda. Jana nilipanda lori la alizeti mpaka mjini, nikasimama dirishani posta, nikamwambia yule karani rejista, moja ofisi ya mitihani, moja kwa wafadhili, moja kwa mkuu wa idara. Akauliza jina la mtumaji. Nikamtajia, akaliandika, akagonga muhuri juu yake, akazitupa kwenye gunia la treni.

Mdogo wako,
Eliana